Sahani ya Mgeni Inangoja Mpaka Saa Nane

Hii habari inanionyesha mjinga, nakwambia mapema usije ukapoteza muda kunitetea. Nimeizunguka miaka yote nikitafuta mlango wa nyuma, fasi moja tu ya kutokea nikiwa muntu wa akili, na haiko. Mimi njo yule Bahati wa viatu vya chaguwa, vya mtumba, niliyemaliza la sita ya primaire nikamwambia mwalimu aksanti, hizi zingine nitajifunzia ku soko. Mambo ya baba na mama yangu tuyaache, bale bako na habari yao. Yangu inaanzia mu chumba cha nyuma, mu lupango ya Maman Pascal, ua mdogo wenye geti la mabati huku Kamembe, karibu na uwanja wa ndege, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa na njaa ya bantu batatu.

Imenirudia juu mwezi uliopita nilimuona tena Maman Pascal. Nilikuwa nashuka na mzigo ku gare ya mabasi, natoka Bugarama, naye amekaa ku benchi, kikapu miguuni, lunettes nyeusi amezipandisha ku paji la uso kama binti wa mujini. Miaka kumi hatujaonana. Nikajifanya nimesahau kitu, nikataka kupita nyuma ya basi. Kumbe nimekohoa. Akasema bila kugeuka, "Bahati, hata kukohoa unakohoa kama mwizi." Tuliongea labda nusu saa. Tangu siku ile, nikifunga meza yangu jioni, harufu ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa, inanifuata njia yote mpaka nyumbani, na mimi nyumbani sina hata kikaango.

Ile nyumba nikifumba macho naiona yote. Salon ilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vyeupe alivyovishona mwenyewe, na ilikuwa marufuku kuegemea. Ku ukuta kulikuwa picha moja tu, Pascal, mtoto wake, siku ya komunyo, shati imemubana shingo, anatuangalia kama muntu aliyenyimwa soda. Pascal njo mtoto mmoja aliyekuwa naye. Alienda Kolwezi, mbali huko Congo, kuchimba mawe, na mwaka ule ilikuwa inatimia sita tangu aende. Mitatu ya kwanza alikuwa anapiga simu, halafu namba ikanyamaza. Mama yake alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi huku mukubwa, alikuwa anauza sambaza ku soko, anaimba mu korali, anacheka na mabega. Ndege ikishuka na kutikisa mabati, alikuwa anainua uso kidogo, halafu anaendelea kuchambua mboga. Hakuna aliyemwambia kama bachimbaji hawarudi na ndege. Mimi nilitaka kumwambia mara moja, ilikuwa utani muzuri, nikaumeza. Njo utani pekee niliowahi kumeza mwaka ule.

Sasa, kila muntu huku kwetu anajua: jicho likikuchezea juu, mgeni anakuya, likikuchezea chini, utalia. Yake ilianza mvua za kwanza, jicho la kushoto, kope ya juu. Nilikuwa nimekaa ku ngazi navuta kamba ya kiatu, akatoka jikoni na kifuniko mukononi.

"Bahati, jicho langu liko linacheza tangu asubuhi."

"Juu ao chini, Maman?"

"Juu."

"Basi mugeni ameshapanda basi. Ongeza sambaza."

Akacheka. Lakini akaongeza. Na siku ile alitoa sahani ya bluu, ile yenye maua, akaweka bugali, sambaza na mboga ya lengalenga, akaifunika na sahani ingine, akaiweka katikati ya meza. Mu nyumba ile kulikuwa sheria aliyoipata kwa mama ya mama yake: mgeni anangojewa mpaka saa nane ya mchana. Ikipita saa nane, kile chakula ni cha muntu mwenye njaa, juu kukimwaga ni dhambi, na kukirudisha mu chungu ni kumufukuza mgeni akiwa njiani. Sasa nikuulize, mu lupango ile muntu mwenye njaa alikuwa nani? Jicho likacheza kesho yake, na kesho kutwa, na wiki, na mwezi. Kila asubuhi kabla ya kwenda ku soko nilikuwa napitia jikoni kama daktari: "Maman, jicho linasema je leo?" Kila saa nane nilikuwa nimeketi mbele ya sahani ya bluu, nakula chakula cha Pascal, nikimuomba Mungu amulinde huko aliko na amucheleweshe kidogo.

Halafu jicho la pili likaingia, na haikuwa tena kucheza. Ilikuwa kufunga. Kope zilikuwa zinashuka zenyewe kama mlango wa duka la muntu mwenye hasira, na yeye anapigana nazo, nyusi juu, mdomo unajikunja, mpaka anaweka kidole hapa kando ya jicho, ku panja, na zinafunguka kidogo. Jua lilikuwa linazidisha. Kelele ilikuwa inazidisha. Ku soko mwanaume mmoja wa vitunguu alidhani anamupigia jicho, akaanza kuchana nywele. Bibi yake naye akaja na hasira, kilemba mukononi: "Weye mujane, bwana yangu umemukonyeza mara ngapi leo?" Maman Pascal akamujibu, "Dada, hata mbuzi wa ku barabara nimemukonyeza. Na yeye aje na bibi yake?" Soko yote ikalala na kicheko. Nilimupenda sana siku ile.

Lakini mimi, kicheko nikikionja, sijui kukiacha mu sahani. Kesho yake nikapanda juu ya gunia la viatu, nikaanza kufunga na kufungua macho kama yeye, na kidole ku panja, nikiita: "Viatu vinang'aa mpaka kope zinakataa! Njoo uone, kama utaweza kuona!" Bantu balijaa. Batoto bakaanza kuniiga. Nilimaliza gunia kabla ya saa sita. Meza yake ilikuwa hatua kumi na yangu. Alicheka, nakuapia alicheka, mabega yakapanda na kushuka. Ila alianza kuvunja meza yake mapema, na wiki iliyofuata alikuwa anakuja siku mbili, halafu moja. Nilisema mu kichwa changu: ni mvua inamuzuia.

Mambo mengine niliyasikia kupitia ukuta, juu chumba changu na salon vilikuwa vimegawanywa na matofali mamoja tu, na kati yao kulikuwa tundu ambalo sikulitoboa mimi. Aliyekuwa anakuja kumuona ni Tantine Espe, rafiki yake muuza tomati, wa korali pia, mwanamke mufupi, sauti ndefu. Alikuwa anamuletea habari, na Maman Pascal alikuwa anajibu taratibu kama muntu anayebeba maji.

"Korali banakuulizia, we Maman Pascal. Na unajua mwenyewe, ukiimba macho yanafunguka. Sisi wote tumeona."

"Yanafunguka nikiimba. Wimbo ukiisha? Niimbe mpaka ku choo?"

"Ukuje tukuombee tena."

"Bameniombea mara tatu, Espe. Mara ya tatu bakaniuliza niliona nini ambacho sikupaswa kuona. Sikuona kitu. Mimi hata barabara siioni. Jana yalifunga katikati, nikasimama. Pikipiki zinapita huku na huku. Nikasema, bon, kama ni leo iwe leo."

Nilisikia Tantine Espe ameacha kuvuta chai. Nami niliacha kutafuna. Lakini muntu wa miaka kumi na tisa akisikia maneno makubwa kupitia ukuta anadhani ni ya bakubwa, banajua bayafanye je. Nilirudi ku mkate wangu.

Kiangazi kilipoanza hakuwa anapika tena. Alikuwa anakaa mu salon, pazia limeshushwa, kitenge juu ya kichwa, radio imezimwa juu alisema sauti za radio zinamugonga ku kope. Sahani ya bluu ilikaa kabatini siku tatu, nne. Sitadanganya kama ilikuwa huruma tupu. Nilikuwa na njaa. Ila pia nilikuwa nimemukosa, na yeye alikuwa kule kule, nyuma ya matofali mamoja. Nilikuwa nimekosa kuulizwa juu ao chini. Basi asubuhi moja nikasimama ku mlango wa salon, nikasema kama muntu aliyekimbia:

"Maman, jana ku bariyera, pale bantu banavukia kutoka Bukavu, kuna kijana alikuwa anauliza nyumba ya Maman Pascal."

Kitenge kikashuka. "Kijana gani?"

"Sikumuona, niliambiwa. Anasema ametoka mbali. Atarudi leo."

Ningesema hapo hapo ni mchezo. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini alisimama. Miezi mitatu sikuwa nimemuona anasimama vile, kwa mara moja, bila kushika ukuta. Akafungua pazia. Akaoga akiimba, na nilipoingia jikoni macho yake yalikuwa wazi yote mawili, kahawia, nilikuwa nimesahau rangi yake. Alikaanga sambaza. Aliuliza kama kitenge cha njano kinamukaa ao kinamuzeesha. Nikamwambia kama Pascal atamudhania dada yake, akanipiga na mwiko. Akaifunika sahani ya bluu na kuiweka mezani. "Kama tutapishana njiani akakufikia hapa, mukaribishe, ale kwanza. Usimuongelee mingi, mwache apumzike." Akashuka na barabara inayoelekea ku mpaka, peke yake, kidole ku panja, anaimba. Mimi nilisema atafika, ataambiwa hapana, atarudi akinitukana, tutacheka. Nikaenda kuuza viatu. Saa nane nikarudi, nikaketi mbele ya picha ya komunyo, nikala.

Tantine Espe njo aliniambia yaliyotokea, akiwa amesimama ku geti, mikono kiunoni, hajui bado nani alileta ile habari. Ku bariyera hakuna kivuli. Alisimama ku jua akitazama kila kijana anayevuka, na alivyozidi kutazama njo kope zilizidi kufunga. Bavulana ba mikokoteni bakasema mama huyu amekunywa. Mmoja akamwigiza akipanda juu ya gunia, kidole ku panja, akiita kama muuza viatu. Ule mchezo ulikuwa umefika mpaka pale kabla yake. Askari akamwomba asogee, akasogea. Bakamwambia akae, akakataa, juu mutoto akipita yeye amekaa hatamuona. Saa nane ikapita, hakusogea. Mwishoni macho yakafunga kabisa, na akabaki anageuza uso tu, akisikiliza viatu. Mwanamke anayevusha karoti alimushika mukono na kumurudisha jioni, nao hawajuani hata jina.

Maman Pascal alitoa picha ya Pascal ku ukuta, akajifungia nayo mu chumba chake. Siku moja, siku mbili. Tantine Espe alikuwa anaweka uji ku kizingiti na anaukuta hapo hapo, umefanya ngozi. Siku ya nne nikaweka sikio ku mlango wake, na sikusikia kulia. Ningesikia kulia ningetulia. Alikuwa anaongea na picha, pole pole, anaipangia mambo: kitenge cha njano kipewe Espe, viti viende ku korali, yule mutoto wa viatu aachiwe chumba mpaka mwisho wa mwaka juu hana fasi. Anagawa vitu. Mimi ni muntu wa soko, najua muntu anayepunguza bei na najua muntu anayefunga duka. Nilivunja lile komeo na nyundo ya viatu. Nilimukuta amekaa ku kitanda, mikono mu mapaja, macho yamefunga, kama muntu anangoja gari. Nikamwambia Tantine Espe, "Ita pikipiki mbili." Akasema, "Tunaenda wapi?" Nikasema, "Fasi ambayo haiko hapa."

Ku hospitali tulimukuta infirmière mmoja, muuguzi, mwanamke kijana, kazi yake ni bantu bamechoka mu roho. Hakuanza na macho. Alimuuliza anakula, analala, anaongea na nani. Halafu akauliza kwa sauti ile ile ya kuuliza jina: "Maman, kuna siku unatamani usiamke?"

"Kuamka ni nini, mwanangu? Nikiamka yanafunga."

Aliandika. Akamushika mukono. Akatueleza kama macho yenyewe ni mazima. Amri inatoka ku ubongo, inaambia kope zifunge wakati hakuna aliyeziomba. Si uchawi, si dhambi, si kitu alichoona. Akasema ugonjwa huu unamuvuta muntu mu huzuni, na huzuni nayo inazidisha kope, vinazungushana hivyo, na vyote viwili vinatibiwa, usingoje kimoja kiishe ndiyo uanze kingine. Hapa angepata dawa za huzuni na kikundi cha kuongea kila Alhamisi. Kigali kuna daktari anayechoma sindano ndogo kando ya macho, kope zinatulia miezi kadhaa, halafu unarudi.

Maman Pascal alisikiliza yote. "Dawa nitakunywa. Alhamisi nitakuya. Sindano hapana."

"Unaogopa, Maman? Ni ndogo."

"Siogopi sindano. Mukilinyamazisha hili jicho, nani ataniambia kama anakuya?"

Infirmière akamuangalia Tantine Espe. Tantine Espe akaangalia chini. Jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nilikuwa na mizaha mingi mu maisha yangu, sikupata hata mmoja wa kulifunikia.

"Maman, ku bariyera hakukuwa na muntu."

Tantine Espe alisema neno ambalo muntu wa korali halisemi. Maman Pascal aliinua kidole pole pole, akakiweka ku panja, akasukuma mpaka jicho moja likafunguka, na akaniangalia na lile moja.

"Ile sahani niliyoiacha," akasema. "Ulikula?"

"Nilikula."

Akatikisa kichwa. Akaondoa kidole, jicho likafunga. "Mupange hiyo safari ya Kigali," akamwambia infirmière.

Sindano zilifanya kazi. Si mara moja, lakini wiki mbili hivi akawa anavuka barabara kama bantu bengine. Alhamisi alikuwa anaenda, anarudi akimwambia Tantine Espe kama kule kuna mama mwingine wa kutoka Nzahaha mwenye kope kama zake, na balikaa saa nzima bakikonyezana bila hata mmoja kukasirika. Korali bakamurudishia fasi yake. Mimi hakunifukuza. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Kitu kimoja tu: chungu. Alikuwa na chungu kikubwa, akakiweka chini ya meza, akaanza kupikia kile kidogo, cha muntu mmoja. Saa nane ilikuwa inafika, nasikia kijiko kimoja kinagonga sahani moja upande wa pili wa matofali. Siku moja nilimsikia anamwambia Tantine Espe, "Jicho limenyamaza. Na nyumba imenyamaza." Mwisho wa mwaka nilibeba magunia yangu, nikashuka Bugarama, nikamuachia funguo ku dirisha wakati ameenda ku mazoezi ya korali. Tangu hapo nimekula mu restora nyingi. Kuna zinazopika vizuri kumushinda. Hakuna hata moja ambapo nimekuta sahani imefunikwa.

Sasa njo pale ku gare. Aliniuliza kama nimeoa, nikasema banawake banaona mbali. Aliniambia bado anaenda Kigali mara chache kwa mwaka, dawa za huzuni aliacha kwa ruhusa ya daktari, alirudia mwaka mmoja mubaya, akaacha tena. Pascal hajapiga simu. Alisema hivyo kama muntu anayekuambia hali ya barabara. Basi lake lilianza kuita bantu, akasimama, akashusha lunettes. Nikaona kama sitasema leo sitasema tena. Nikamuomba msamaha, wote, wa ku gunia na wa ku bariyera, na niliusema vibaya, maneno yanagongana, bamotari ba pikipiki banatuangalia.

Akaningoja nimalize. Halafu akasema, "Bahati, ile asubuhi nilioga nikiimba. Nilivaa njano. Nilishuka ile barabara yote nikijua mutoto wangu ananitafuta. Mpaka saa nane nilikuwa muntu mwenye furaha kushinda bote mu Kamembe. Saa nane na kuendelea, hiyo ni yako, uibebe. Lakini ile asubuhi sikurudishii."